Pigo la Nje ya Ulingo

Usiku wa Jumamosi Kariakoo haifumbi macho mapema. Maduka ya Mtaa wa Kongo yakishateremsha milango yake ya chuma na wauza nguo wakishakunja maturubai, uhai huhamia kwenye baa za vichochoroni, kwenye kumbi za starehe na kwenye vile vibanda vya video ambavyo wakazi wa Dar es Salaam wameviita kwa mzaha vibanda umiza. Jina hilo lina sababu zake: benchi halina egemeo, joto ni la tanuri, na mtazamaji wa safu ya nyuma hukaa shingo upande kwa saa kadhaa. Siku ya mapambano ya ngumi, jina hilo hupata maana ya pili ambayo waliolibuni hawakuikusudia.

Mapambano makubwa ya Las Vegas hupiganwa Jumamosi usiku kwa saa za huko. Dar es Salaam iko mbele ya mji huo kwa saa 10 au 11 kulingana na majira ya mwaka, kwa hiyo kengele ya pambano kuu hulia hapa kati ya saa 12 alfajiri na saa 2 asubuhi ya Jumapili. Mapambano ya Riyadh, mji ulio katika saa moja na Dar es Salaam, huangukia usiku wa manane. Kwa vyovyote vile, shabiki hufika kwenye raundi ya kwanza ya pambano kuu akiwa amekesha, amekunywa, pengine hajala tangu jioni, na huenda ana mkeka wa kamari mfukoni.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ingawa mhudumu yeyote aliyewahi kushika zamu ya Jumapili atautambua. Pambano limekwisha kwa pointi, na nusu ya watazamaji hawakubaliani na majaji. Mchukuzi wa mizigo wa sokoni, kijana wa miaka 26, anabishana na jirani yake wa kwenye benchi. Wanasukumana hadi nje. Ngumi moja inampata tayani, anaanguka chali, na kisogo kinagonga ukingo wa mtaro. Kwa muda wa kama dakika moja hajitambui. Anamwagiwa maji, anazinduka, anaona haya, anacheka na watu wanacheka naye. Hata aliyempiga anamwomba radhi na kumnunulia soda. Nusu saa baadaye analalamika kwamba kichwa kinamuuma, kisha anatapika. "Pombe hizo," wanasema wenzake, nao wanampakia kwenye bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, yeye akiwa katikati, hadi chumbani kwake Buguruni. Anafunikwa shuka, na mlango unarudishwa ili apumzike. Saa 9 alasiri mpangaji wa chumba cha pili anamsikia akikoroma mkoromo usio wa kawaida. Anamwita, haitiki.

Kilichomfikisha kijana huyo hapo si ngumi peke yake. Ni ngumi, ni ukingo wa mtaro, na ni zile saa za mchana alizoachwa alale.

Kuhesabiwa hadi kumi

Ngumi ni mchezo wa kuumizana, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo ni mchezo uliozungushiwa ulinzi. Kanuni zilizopewa jina la Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867, ziliweka matumizi ya glavu, raundi za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja, na zikampa aliyeangushwa sekunde 10 za kusimama. Kule kuhesabu, ambako mashabiki hukuchukulia kama tamthilia, ni uchunguzi wa kitabibu wa aina yake. Mwamuzi humtazama bondia machoni, hutazama kama miguu inamhimili, humwita amsogelee ili aone kama ameelewa. Daktari huketi kando ya ulingo na anaweza kushauri pambano lisimamishwe. Aliyepigwa nokauti huzuiwa kupanda ulingoni tena kwa kipindi fulani hata kama mwenyewe anaona yu mzima. Wapiganaji wamepimwa uzito ili mtu wa kilo 60 asikutane na mtu wa kilo 90. Chini ya turubai la ulingo kuna tabaka la kitu laini, kwa maana kichwa kinachoanguka huweza kuumizwa na sakafu kuliko kilivyoumizwa na ngumi.

Nje ya kibanda hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna anayelinganisha uzito, hakuna glavu, sakafu ni zege au lami, na aliyeanguka hahesabiwi na mtu. Huchekwa, humwagiwa maji, kisha huambiwa akalale. Ndiyo maana pigo moja la mpiga ngumi asiye na mafunzo, mbele ya baa, huweza kuua ilhali bondia huvumilia mamia ya mapigo katika raundi 12 na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni hukumu juu ya mashabiki wa ngumi. Mchezo huu una heshima yake nchini. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akaleta ya dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Rashid Matumla, aliyejulikana kama Snake Boy, alijaza kumbi za Dar es Salaam kwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, watu ambao hawakuwahi kulipa kiingilio cha ngumi walianza kuzijadili kwenye daladala. Zanzibar, ambako mchezo huo ulikuwa umepigwa marufuku tangu enzi za Mapinduzi, uliruhusiwa tena mwaka 2023. Na katika Karim Mandonga, maarufu kama Mtu Kazi, ngumi zilipata mcheshi aliyezipa ngumi zake majina. Alipokwenda Nairobi Januari 2023 kupambana na Daniel Wanyonyi alisafiri na ngumi aliyoiita Sugunyo, nusu ya Afrika Mashariki ikacheka. Tambo za namna hiyo ni sehemu ya mchezo, kama ulivyo utani wa Yanga na Simba ambao Kariakoo umeulea kwa vizazi. Tambo hazimpeleki mtu hospitali.

Mwisho usiokubalika

Inafaa kuuliza ni saa ngapi hasa ghasia huzuka. Mifano miwili mashuhuri kutoka nje inaelekeza kwenye jibu. Tarehe 27 Septemba 1980, katika ukumbi wa Wembley, Alan Minter wa Uingereza alisimamishwa katika raundi ya tatu kwa sababu ya michaniko ya uso, na Marvin Hagler akatangazwa bingwa. Chupa za bia zikaanza kunyesha ulingoni na mshindi akalazimika kukingwa na wasaidizi wake. Tarehe 11 Julai 1996, katika Madison Square Garden ya New York, Andrew Golota aliondolewa katika raundi ya saba kwa kupiga chini ya mkanda mara kwa mara, na ukumbi mzima ukageuka uwanja wa mapigano. Katika matukio yote mawili aliyeshindwa hakuwa ameangushwa na kushindwa kuinuka. Nokauti hufunga mjadala. Uamuzi wa daktari kuhusu jeraha, adhabu ya mwamuzi au kura za majaji huuacha mjadala wazi, na mjadala ulio wazi mbele ya watu waliokunywa na kuweka fedha ni hatari kuliko mapigo yenyewe. Mwenye ukumbi au kibanda anayetaka usiku upite salama ataangalia dakika zile za kusubiri pointi kuliko raundi 12 zilizotangulia.

Wataalamu wamejaribu kupima kama kutazama ngumi kunamfanya mtu awe mkatili. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani David Phillips alichapisha utafiti kuhusu mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu ya kati ya mwaka 1973 na 1978, akaeleza kwamba mauaji nchini humo yaliongezeka kwa takribani asilimia 12 katika siku chache zilizofuata. Watafiti wengine walizipitia takwimu hizo upya na kutilia shaka hitimisho lake, na ubishi huo haujaisha kabisa. Si haki, basi, kusema kwamba pambano kwenye televisheni hupanda mbegu ya uuaji. Kilicho na uzito zaidi kwa mhudumu wa afya ni utafiti uliofanywa Cardiff, Wales, kuhusu siku za mechi za raga za timu ya taifa: waliofika hospitalini na majeraha ya kupigwa waliongezeka zaidi timu yao iliposhinda kuliko iliposhindwa. Furaha iliyolowana na pombe huumiza kama hasira.

Pombe yenyewe hufanya kazi mara tatu katika mkasa mmoja. Kwanza hulegeza breki za ubongo, neno likawa ngumi. Pili humnyima anayeanguka ule wepesi wa kutanguliza mikono, kikatangulia kichwa. Tatu, na hili ndilo linaloua, hufunika dalili za kuumia.

Ahueni inayodanganya

Ubongo umefungwa ndani ya fuvu kama embe ndani ya sanduku lisilotanuka. Kati ya fuvu na ubongo kuna utando mgumu, na juu ya utando huo, hasa upande wa panja ambako mfupa ni mwembamba, hupita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka unaweza kuukata mshipa huo. Damu huanza kujikusanya kati ya mfupa na utando, ikiusukuma ubongo kidogo kidogo. Mwanzoni nafasi ipo, na mgonjwa aliyekuwa amezimia huzinduka, huzungumza, hutembea, hutaja jina lake na deni analodai. Kipindi hicho cha ahueni huweza kudumu dakika chache au saa kadhaa. Kisha nafasi huisha. Kichwa huuma kwa kuzidi, kutapika hurudiarudia, usingizi humjia asiyepaswa kulala, mboni ya jicho moja huwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu wa upande mmoja hulegea, degedege huweza kumpata, na hatimaye kituo cha upumuaji kilicho chini ya ubongo hubanwa.

Aina hii ya kuvuja damu ni miongoni mwa dharura chache za kichwa ambazo mgonjwa akifika mapema hupona na kurudi kazini. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo hutoboa fuvu, huondoa damu iliyoganda na kuufunga mshipa. Kwa jiji la Dar es Salaam, wagonjwa wa namna hiyo hupelekwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 na yenye huduma ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mwendo mrefu. Siku ya Jumapili asubuhi, barabara zikiwa wazi, ni dakika chache kwa gari. Kinachopotea ni muda wa kuamua.

Kuna namna nyingine ya kuvuja ambayo haina haraka. Kwa wazee, na kwa watu waliokunywa pombe kwa wingi miaka mingi, vijishipa vidogo vilivyo chini ya utando hukatika kwa urahisi, na damu huvuja polepole kwa siku au wiki. Mgonjwa huletwa akiwa amechanganyikiwa, anajikwaa, amebadilika tabia, na hakuna anayekumbuka kwamba wiki tatu zilizopita alisukumwa akaangukia meza. Swali la kuanguka liulizwe hata kama ndugu wamekuja kwa sababu nyingine kabisa.

"Amelewa tu"

Maneno haya mawili yamewahi kuandikwa, kwa namna moja au nyingine, katika vitabu vya zahanati na hospitali za nchi nyingi, na mara nyingine yalikuwa maandishi ya mwisho kuhusu mtu huyo. Kanuni inayofundishwa kwa wahudumu wa dharura ni kali na inafaa ibaki kali: mtu aliyeumia kichwa na mwenye harufu ya pombe huhesabiwa kuwa na jeraha la ubongo hadi ithibitike vinginevyo. Mlevi asiye na jeraha huendelea kupata nafuu kadiri saa zinavyopita. Aliye na damu kichwani huendelea kuzama. Tofauti hiyo haionekani kwa kumtazama mara moja; huonekana kwa kumpima tena na tena.

Kipimo cha Fahamu cha Glasgow, kilichobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, hakihitaji mashine wala umeme. Hupima mambo matatu: macho yanafunguka kwa nini, mgonjwa anajibu maneno gani, na viungo vinaitikiaje anapoamriwa au anapobanwa. Alama ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Mwenye alama 8 au chini ya hapo hawezi kuilinda njia yake ya hewa na anahitaji msaada wa haraka wa kupumua. Hata hivyo namba moja iliyoandikwa saa 3 asubuhi haina faida kubwa kama hakuna nyingine ya saa 3 na nusu ya kulinganisha nayo. Kushuka kwa alama mbili ni kengele. Shinikizo la damu linalopanda huku mapigo ya moyo yakipungua kasi ni kengele kubwa zaidi, na humaanisha kwamba muda umekaribia kuisha.

Pamoja na hayo, tone moja la damu lipimwe sukari. Aliyekunywa usiku kucha bila kula anaweza kushukiwa na sukari hadi akapoteza fahamu, na hali hiyo hutibika kwa dakika chache kwa dripu ya glukosi. Ni aibu kumkimbiza mtu kwenye CT Scan kwa jambo ambalo kijiti cha kupimia sukari kingelitambua, na ni hatari kubwa zaidi kumwacha bila kipimo chochote.

Suala la fomu ya polisi, PF3, huwachelewesha wengi. Wenzake aliyepigwa huogopa kuulizwa nani alianza, na wengine huzunguka naye kutafuta kituo cha polisi kabla ya kutafuta daktari. Fomu hiyo ina kazi yake katika kesi, lakini jeraha la kichwa halisubiri karatasi. Huduma ya kuokoa maisha hutangulia, fomu hufuata ikiletwa na ndugu.

Wanaobaki na majeruhi kabla hajafika hospitali wana kazi ndogo yenye uzito. Asilazimishwe kusimama wala kutembezwa ili pombe zitoke. Asipewe kahawa, maziwa wala soda, kwani akitapika akiwa nusu fahamu ataviingiza mapafuni. Ikiwa anapumua lakini hajitambui, alazwe kwa ubavu, kichwa na kiwiliwili vikigeuzwa pamoja kana kwamba ni gogo moja, maana shingo nayo huenda imeumia. Kwa sababu hiyo hiyo mshikaki wa bodaboda ni usafiri mbaya kuliko yote. Bora gari ambalo mtu anaweza kulazwa, na bajaji ikiwa hakuna gari. Dawa za maumivu aina ya aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe kwa kuwa huweza kuongeza kuvuja kwa damu. Na asiachwe peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

Ngumi iliyogonga jino

Mpigaji naye hurudi, kwa kawaida baada ya siku mbili au tatu, akiwa na kiganja kilichovimba. Husema alijikata na bati au alijigonga mlangoni. Jeraha ni dogo, juu ya kifundo cha kidole cha kati au cha pembeni, na ukubwa wake hudanganya. Lilitokana na jino la mwenzake. Ngumi ilipokuwa imekunjwa, jino lilipenya ngozi, kano na pengine kiungo chenyewe; kidole kiliponyooshwa, tabaka hizo ziliteleza na kuufungia ndani uchafu wa mdomo. Usaha ukijikusanya katika kiungo, kidole huweza kukakamaa daima, na kwa fundi cherehani au mpakiaji wa mizigo kidole kilichokakamaa ni sehemu ya riziki iliyokwenda.

Jeraha hilo huoshwa kwa maji mengi, halishonwi, hupigwa eksirei kutafuta kipande cha jino, na mgonjwa huanzishiwa antibayotiki inayofaa kwa bakteria wa kinywani, ambayo mara nyingi ni amoksisilini iliyochanganywa na klavulaniki. Chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Penye damu ya watu wawili, suala la homa ya ini aina ya B na la VVU lijadiliwe bila fedheha, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya VVU hazina faida zikianza baada ya saa 72. Kumwuliza mgonjwa kwa upole, faraghani, "Je, ulimpiga mtu mdomoni?" huokoa kidole. Swali likiulizwa mbele ya foleni, litajibiwa kwa uongo.

Wasiorusha ngumi

Kuna shabiki ambaye hakumgusa mtu na bado analetwa kwa machela. Wakati wa Kombe la Dunia la soka la mwaka 2006, watafiti wa Munich walihesabu dharura za moyo katika eneo la mji wao. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka mara 2.66 kuliko siku za kawaida, na kwa wanaume mara 3.26, nyingi zikitokea ndani ya saa mbili za mwanzo tangu mpira kuanza. Ngumi si soka, lakini mwili hautofautishi: adrenalini huubana mshipa na kuupiga moyo mjeledi vile vile. Mzee mwenye shinikizo la damu anayekesha kibandani huku vidonge vyake vya jioni vikiwa nyumbani ameingia pambanoni bila glavu. Maumivu ya kifua yanayobana na kupanda hadi taya au mkono wa kushoto, yakiambatana na jasho la baridi, yasiitwe kiungulia hadi daktari aseme hivyo.

Msongamano ni hatari ya kipekee kwa kuwa hauhitaji ukorofi wa mtu. Siku ya Idi mwaka 2008 watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa katika ukumbi wa disko mjini Tabora, na hawakuwa wamepigana. Katika kibanda chenye mlango mmoja wenye upana wa mtu mmoja, chupa moja ikipasuka watu mia hukimbilia sehemu moja. Anayebanwa kifuani hufa akiwa amesimama. Mlango wa pili, unaofungukia nje na usiozibwa na makreti ya soda, una thamani kuliko kisanduku chochote cha huduma ya kwanza.

Safu moja zaidi katika kitabu

Mji wa Cardiff uliotajwa hapo juu umechangia jambo jingine. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, Jonathan Shepherd, aliona kwamba wengi wa waliokuwa wakitibiwa majeraha ya kupigwa hawakuwa wameripoti polisi kabisa. Wahudumu wa mapokezi wakaanza kuuliza mambo machache: tukio limetokea wapi hasa, saa ngapi, na kwa silaha gani. Majina ya wagonjwa yaliondolewa, na taarifa zikapelekwa kwa polisi na halmashauri ya mji. Baa zilizokuwa zikijirudia zilifuatiliwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliolazwa kwa majeraha ya ukatili walipungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na miji inayofanana nayo.

Hakuna sababu ya zahanati ya Ilala kushindwa jambo hilo. Neno "alishambuliwa" katika daftari la wagonjwa halimsaidii mtu. "Jumapili saa 1 asubuhi, nje ya kibanda cha video, chupa, mtaa fulani" ni taarifa ambayo ofisa wa afya wa kata anaweza kuifanyia kazi. Ikijitokeza mara nne katika mwezi mmoja, ana cha kumwonyesha mwenye kibanda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani

Wengi wa walioanguka hawatakuwa na damu iliyovia kichwani. Watakuwa wamepata mtikisiko wa ubongo, wataangaliwa kwa saa kadhaa na kuruhusiwa. Ruhusa hiyo iende pamoja na mtu mzima asiyelewa atakayekaa naye kwa saa 24 za mwanzo, akijua dalili za hatari zilizotajwa na akijua pa kumrudisha. Mgonjwa anaweza kulala, almradi aamshwe mara kwa mara na ajibu maswali kwa akili yake. Parasetamoli inatosha kwa maumivu. Pombe haifai kabisa.

Lililo gumu zaidi ni kazi. Mchukuzi wa Kariakoo hulipwa kwa mzigo, na siku asiyobeba hali. Lakini gunia kichwani juu ya ubongo uliotikiswa huleta kizunguzungu, na kizunguzungu kwenye ngazi za ghorofa huleta anguko la pili, ambalo huweza kuwa baya kuliko la kwanza. Siku mbili za mwanzo apumzike. Baada ya hapo aanze na kazi nyepesi ya kupanga au kuhesabu bidhaa, asukume mkokoteni kabla ya kubeba, na asiweke mzigo kichwani hadi maumivu na kizunguzungu viwe vimekwisha kabisa. Mhudumu anayeandika ruhusa atumie dakika moja kumweleza hilo pia tajiri wake au kiongozi wa kikundi chao cha wachukuzi, kwa simu ikibidi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamua nani apewe kazi nyepesi. Maumivu ya kichwa, usahaulifu au hasira za ghafla zikiendelea zaidi ya wiki mbili, arudi kliniki, na arudi akiwa na mtu anayeishi naye, maana mabadiliko mengine mgonjwa mwenyewe hayaoni.